Nyumba yenye ua viungani au fleti ghorofani? Pima safari kabla hujapima vyumba

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunafanya kazi katikati ya jiji na tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 10. Tumechoka kupanga, tunataka kununua. Fedha tuliyonayo inatosha kitu kimoja kati ya viwili: nyumba ya vyumba 4 yenye ua viungani, mwendo wa saa 1 na dakika 10 kutoka kazini, au fleti ya vyumba 3 katika ghorofa ya 9, dakika 20 kutoka kazini. Mume wangu na baba mkwe wanasema nyumba ni ardhi, na kununua fleti ni kununua hewa. Mimi naogopa foleni, lakini naogopa pia msongamano wa mjini: kelele, magonjwa, watoto kufungiwa ndani. Ipi bora? – Mama wa wawili

JIBU: Dada yangu, nikupe jibu kwanza ili usisome kwa wasiwasi. Kwa hayo uliyoeleza, ningenunua fleti, ingawa pengine si hiyo ya ghorofa ya 9. Mume wako hajakosea katika kila kitu, na baba mkwe wako ana hoja nzito ambayo nitaifikia. Ila naona nyote watatu mmepima kuta. Mmehesabu vyumba, mmeutazama ua, mmelinganisha bei. Mimi kazi yangu kwa miaka zaidi ya ishirini imekuwa mipango miji, na nilichojifunza ni kwamba familia nyingi zinazojutia makazi yao hazilalamikii vyumba. Zinalalamikia njia: ile ya kwenda kazini, shuleni, dukani, kwa daktari, kwa marafiki, na kurudi, kila siku ya Mungu.

Nianze na hofu yako ya msongamano, maana imebebwa na neno lenye hila. "Msongamano" lina lawama ndani yake tangu mzizi: kusonga, kusongwa, kukosa pumzi. Tunalitumia kwa magari barabarani na kwa wagonjwa wodini, kisha tunalihamishia kwenye mtaa wenye nyumba nyingi, na papo hapo mtaa huo unaonekana mgonjwa. Katika kazi yetu inabidi kutenganisha mambo mawili. Kuna wingi, yaani watu au nyumba ngapi zimo katika hekta moja ya ardhi. Halafu kuna mbanano, yaani watu wangapi wanalala chumba kimoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, linahesabu kaya kuwa imebanana pale watu zaidi ya 3 wanapotumia chumba kimoja. Watu 9 katika chumba kimoja kwenye nyumba iliyo peke yake porini wamebanana. Ninyi wanne katika vyumba 3 vya ghorofani hamjabanana, hata kama chini yenu na juu yenu wanaishi watu 300.

Mambo haya mawili yakichanganywa, hofu hukua kupita kiasi. Mfano unaopendwa na wanaochukia ghorofa ni Kowloon Walled City ya Hong Kong, ambako watu wapatao 33,000 waliishi kwenye hekta 2.6 tu kabla pahali hapo hapajabomolewa mwaka 1993 na 1994. Ni kweli palikuwa pa kutisha. Lakini palijengwa bila sheria ya ujenzi inayosimamiwa, majengo yakiegemeana mpaka njia za chini zikakosa jua. Paris ina watu karibu 20,000 kwa kila kilomita ya mraba, katika majengo ambayo mengi hayazidi ghorofa 6 au 7. Mtaa wa Eixample mjini Barcelona, uliochorwa na Ildefons Cerdà mwaka 1859, unazidi watu 30,000 kwa kilomita ya mraba. Watu hulipa fedha nyingi kuishi huko, na hakuna anayesema anasongwa, labda anapotafuta pa kuegesha gari.

Kuhusu magonjwa, historia iko wazi zaidi kuliko tunavyodhani. Kipindupindu cha London mwaka 1854 kilipoua mamia ya watu karibu na Broad Street, wengi waliamini chanzo ni hewa chafu ya mji uliojaa watu. Daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, na njia zote zikamfikisha kwenye pampu moja ya maji. Wingi wa watu ulisambaza madhara, lakini aliyeua alikuwa maji yaliyochanganyika na kinyesi. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye hiyo fleti ni maji yanatoka wapi, maji taka yanakwenda wapi, na madirisha yanapitisha hewa pande mbili au upande mmoja. Idadi ya majirani ije baadaye.

Sasa nigeukie ndoto ya mume wako, kwa sababu ina asili yake, na asili hiyo itakusaidia kujua unauziwa nini. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard, mtu aliyeishi kwa kuandika hati mkato bungeni wala hakuwa msanifu, alipendekeza miji ya bustani. Aliona London imejaa moshi na vyumba vya giza, akaona vijijini hakuna kazi, akataka kuunganisha mazuri ya pande zote mbili. Ujenzi wa Letchworth, mji wa kwanza wa aina hiyo, ulianza mwaka 1903. Tazama alichokuwa nacho kichwani: mji wa watu 32,000, wenye viwanda vyake, maduka yake, shule zake, reli ya kuuunganisha na miji mingine, na mashamba kuuzunguka ili usitambae. Mtu angetembea kwa miguu kwenda kazini.

Kilichokuja kujengwa sehemu nyingi duniani ni nusu ya wazo hilo. Bustani ilichukuliwa, kazi zikaachwa mjini. Nchini Marekani, kampuni ya Levitt ilianza mwaka 1947 kujenga Levittown kwenye kisiwa cha Long Island, na kufikia 1951 ilikuwa na nyumba zaidi ya 17,000, zilizojengwa kwa mtindo wa kiwandani: kila kikundi cha mafundi kinafanya kazi moja, kisha kinahamia nyumba inayofuata. Serikali ilidhamini mikopo ya nyumba hizo, na mwaka 1956 sheria ya barabara kuu ikaidhinisha kilomita karibu 66,000 za njia za kasi. Mikataba ya mwanzo ya Levittown iliwazuia watu weusi kuishi humo. Nalitaja hilo kwa sababu watu husema viunga vilienea kwa kuwa "ndivyo watu wanavyopenda". Kupenda kulikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwepo pia ruzuku, sheria na mlango uliofungwa kwa wengine.

Sheria zenyewe zilikuwa na chuki ya wazi dhidi ya fleti. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, iliruhusu serikali za mitaa kutenga maeneo ya nyumba za familia moja pekee, na uamuzi huo uliliita jengo la fleti katika mtaa wa namna hiyo kuwa mara nyingi ni kimelea tu. Kimelea! Kama kupe juu ya ng'ombe. Mtazamo huo ukasafiri ndani ya vitabu vya kanuni hadi nchi ambazo hazijawahi kukisikia hicho kijiji cha Euclid, na ndiyo maana mahali pengi leo huruhusiwi kuweka duka chini ya nyumba, wala kujenga nyumba ndogo tatu kwenye kiwanja cha nyumba moja kubwa. Matokeo yake ni mtaa ambao hata kibiriti kikiisha, lazima uwashe gari.

Upande wa ghorofa nao una aibu zake, na siwezi kukuficha. Mfano unaotajwa kila mara ni Pruitt-Igoe, makazi ya umma ya mji wa St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950, yakaanza kulipuliwa mwaka 1972. Picha ya jengo likiporomoka katika vumbi imetumika kuhukumu kila ghorofa duniani. Ukiisoma habari yenyewe, urefu si mshtakiwa mkuu. Fedha za matengenezo zilitegemea kodi ya wapangaji, huku mji wenyewe ukikimbiwa: St. Louis ilikuwa na watu karibu 857,000 mwaka 1950, na 622,000 mwaka 1970. Wapangaji walipungua, kodi ikapungua, matengenezo yakafa. Juu ya hapo, ili kubana matumizi, lifti zilisimama ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu, na wa ghorofa nyingine walimalizia kwa ngazi zenye giza.

Sasa linganisha na Singapore. Bodi yake ya makazi, HDB, iliundwa mwaka 1960, na leo wakazi karibu 8 kati ya kila 10 wanaishi katika fleti zake, nyingi zikiwa ndefu kuliko za St. Louis. Majengo ya zamani ya huko nayo yalikuwa na lifti zinazoruka ghorofa. Tofauti ni kwamba mwaka 2001 ulianza mpango wa kuyarekebisha ili lifti isimame kila ghorofa, kwa sababu wakazi walikuwa wanazeeka. Kosa lile lile la kiufundi. Pahali pamoja jengo likalipuliwa, pahali pengine fundi akaitwa.

Hapo ndipo penye roho ya fleti yako, dada, na hapa nataka ukae nami kidogo. Ghorofa ya 9 si nyumba peke yake. Ni nyumba iliyofungwa kwenye mashine na kwenye kikao. Mashine ni lifti, pampu ya kupandisha maji, jenereta, mabomba ya maji taka yanayopita ukutani kwako kutoka kwa watu 8 walio juu. Kikao ni chama cha wamiliki, kinachoamua nani analipa nini. Nimeishi ghorofa ya 7 kwa miaka 8. Mwaka wa 5 lifti iliharibika, na haikuharibika kwa siku mbili. Ilikaa miezi 4, kwa sababu wamiliki wa ghorofa ya 1 na ya 2 walikataa kuchangia kitu wasichokitumia. Jirani yangu mjamzito alikuwa akipanda kwa vituo, anapumzika ghorofa ya 3, kisha ya 5. Hakuna dalali aliyewahi kunieleza kwamba nilipokuwa nanunua fleti nilikuwa nanunua pia ubishi wa majirani.

Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi, omba kuona daftari la mfuko wa matengenezo. Kama hakuna mfuko, ondoka. Kama upo lakini una fedha za kubadilishia balbu tu, uliza lifti ina umri gani. Lifti kwa kawaida huanza kudai matengenezo makubwa baada ya miaka 20 hadi 25, na gharama hiyo itawaangukia waliomo siku hiyo. Soma ada ya kila mwezi inagawanywaje, kwa ukubwa wa fleti au kwa kila mlango sawa. Panda hadi juu kabisa ya jengo ukaangalie matangi na sakafu ya paa: ukiona maji yametuama na kutu imeanza, umeshajua vikao vyao vikoje bila kuhudhuria hata kimoja.

Turudi kwenye njia. Mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994, akijenga juu ya kazi ya mhandisi wa usafiri Yacov Zahavi, kwamba watu wa zama na miji tofauti hutumia wastani wa karibu saa 1 kwa siku kusafiri, kwenda na kurudi kwa pamoja. Chombo kikiongezeka kasi, mji hupanuka, muda haupungui. Ni wastani tu, wala si amri, lakini unakupa kipimo. Nyumba ya viungani itakudai saa 2 na dakika 20 kila siku ya kazi. Fleti itakudai dakika 40. Tofauti ni dakika 100. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hizo ni kama saa 36 na dakika 40. Kwa miezi 11 ya mwaka zinazidi saa 400, sawa na siku 50 za kazi za saa 8. Na ninyi mko wawili, kwa hiyo nyumba yenu inapoteza siku 100 za kazi kila mwaka, bila malipo. Mume wako akisema ua ni wa watoto, muulize kwa upole ni saa ngapi atakuwa ndani ya ua huo na jua bado lipo.

Atakujibu kwamba barabara inapanuliwa. Wote husema hivyo, na mara nyingi ni kweli inapanuliwa. Mjini Houston, Marekani, barabara ya Katy ilipanuliwa ikakamilika mwaka 2008, ikafikia njia 26 katika baadhi ya sehemu ukihesabu zile za pembeni, na ndani ya miaka michache foleni ilikuwa imerudi mahali pake. Sababu inaeleweka. Barabara ikiwa nyeupe, waliokuwa wakisafiri mapema au kwa treni wanarudi barabarani, na waliokuwa hawajajenga mbali sasa wanajenga mbali. Msihesabu nyumba yenu kwa kasi ya barabara itakayofunguliwa mwakani. Hesabuni kwa kasi ya leo, kisha mwongeze.

Sasa hoja ya baba mkwe. Mzee anasema ardhi haiozi, na ni kweli. Jengo huchakaa, ardhi ndiyo hupanda thamani, na mwenye nyumba yenye kiwanja anamiliki ardhi yote iliyo chini yake, ilhali mwenye fleti anamiliki kipande kidogo kwa ubia. Mwenye kiwanja anaweza kuongeza chumba mtoto akikua, kujenga banda la biashara, kumleta mzazi mzee aishi chini bila ngazi. Fleti haipanuki. Kwa familia inayotarajia kukua au yenye mtu asiyeweza kupanda ngazi, hoja hiyo pekee inaweza kuamua, na ningekuwa mjinga kuipuuza.

Ila mzee amesahau kwamba ardhi hupanda bei kwa sababu ya kile kilicho karibu nayo. Kipande kidogo cha ardhi chini ya jengo la katikati ya jiji kinaweza kuwa na thamani kuliko kiwanja kizima cha mbali, na kitabaki hivyo kadiri kazi zitakavyobaki mjini. Tena bei ya chini ya viungani ina mkia. Ongeza gari la pili, mafuta, matairi, fundi, na siku moja bomba la maji ambalo halijafika.

Bomba hilo lina hesabu yake ambayo huwa nawachorea wanafunzi. Chukua mtaa wenye viwanja vya upana wa mita 25, nyumba pande zote mbili za barabara. Kila nyumba inabeba mita 12.5 za bomba la maji, mita 12.5 za mtaro, mita 12.5 za lami. Sasa weka kwenye upana uleule jengo la fleti 40: kila fleti inabeba kama sentimita 31. Bomba la jengo litakuwa nene zaidi, sawa, na pampu inakula umeme, lakini haliwi nene mara 40. Ndiyo maana huduma hufika mapema kwenye mitaa iliyoshikana na huchelewa kwenye nyumba zilizotawanyika, na pale zinapofika, mji unalazimika kuzitunza kwa kodi ya watu wachache kwa kila kilomita. Unaponunua viungani, uliza nani aliyetandika bomba, na nani atalitandika upya baada ya miaka 40.

Watoto sasa. Mtoto wa miaka 4 na ghorofa ya 9 ni jambo la kuwaza kweli, kuanzia vyuma vya madirisha na ukingo wa veranda. Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotumia barabara na viwanja vya mji, anaeleza kwamba mawasiliano kati ya nyumba na barabara hukatika ukipita ghorofa ya 5 hivi. Chini ya hapo unamtambua mtu, unaweza kumwita mwanao akusikie. Juu ya hapo unaona mandhari. Ndiyo sababu nilisema fleti, ila pengine si hiyo: ikiwa katika jengo hilo au la jirani kuna fleti ya ghorofa ya 2 hadi ya 4, hata ndogo kidogo, ningeitazama kwanza. (Zamani za Paris, kabla ya lifti kuenea, ghorofa ya juu kabisa ilikuwa ya watumishi na maskini. Lifti ndiyo iliyoipindua bei ya jengo kichwa chini miguu juu, na tangu hapo tunalipia mandhari kwa gharama ya sauti ya mtoto.)

Lakini kwa mtoto wa miaka 10 mizani inageuka. Kipimo changu kwa mtaa wowote ni hiki: mtoto wa miaka 10 anaweza kufanya nini peke yake, bila kupelekwa na mtu mzima? Anaweza kwenda shule kwa miguu? Kununua daftari? Kumfuata rafiki? Katika mtaa wa nyumba zenye ua zilizo mbali na kila kitu, jibu huwa "kucheza uani", na baada ya mwaka au miwili ua humchosha kwa kuwa hauna watoto wengine. Hapo anageuka mzigo wa kubebwa: mafunzo, michezo, sherehe, yote kwa gari, na dereva ni mama. Kuna mitaa ya ghorofa ambayo nayo inashindwa kipimo hiki, kwa mfano ile iliyozungukwa na barabara za njia 6 zisizo na kivuko. Kwa hiyo usikubali jibu la jumla. Mshike mkono huyo mkubwa mtembee naye.

Kelele usiidharau. Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kelele za barabarani zisizidi desibeli 53 kwa wastani wa siku nzima, na 45 usiku, kwa ajili ya moyo na usingizi. Fleti nyingi zinazotazama barabara kuu huvuka kiwango hicho kwa mbali. Hili linatatuliwa kwa kuchagua upande: vyumba vya kulala vikielekea ua wa ndani, tofauti ni kubwa kuliko ile ya kupanda ghorofa 5 zaidi. Joto ni hivyo hivyo. Zege na lami hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, na miti ndiyo dawa, kwa hiyo ukienda kuangalia, hesabu miti ya mtaa kama unavyohesabu vyumba.

Kuhusu mazingira nitapita haraka, maana hukuuliza. Peter Newman na Jeffrey Kenworthy walilinganisha miji mikubwa 32 mwaka 1989 wakaonyesha kwamba miji iliyoshikana hutumia petroli kidogo zaidi kwa kila mtu. Wamekosolewa kwa kuacha kipato na bei ya mafuta, lakini mwelekeo wenyewe haukuvunjwa. Minara mirefu sana nayo hula chuma, saruji na umeme mwingi. Kwa kifupi, faida haiongezeki kila unapoongeza ghorofa.

Na hilo linanifikisha kwenye jambo linaloniudhi katika ubishi huu mzima: watu hubishana kana kwamba kuna nyumba ya mbali au mnara, basi. Macho hutudanganya. Ukimwuliza mtu yeyote kati ya New York na Los Angeles ni wapi watu wameshikana zaidi, atataja New York bila kufikiri. Katika sensa ya 2010, eneo lote la mji wa Los Angeles lilikuwa na watu kama 2,700 kwa kilomita ya mraba, na la New York kama 2,050. Minara ya Manhattan ni kweli ipo, ila imezungukwa na viunga vilivyotawanyika mno, ilhali Los Angeles ina nyumba ndogo kwenye viwanja vidogo, mfululizo. Huko Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wasanifu Leslie Martin na Lionel March nao walionyesha katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 kwamba majengo ya kimo cha wastani yanayozunguka ua yanaweza kubeba nafasi ileile ya sakafu kama minara, kwenye kiwanja kilekile, na kuacha uwazi mpana katikati.

Ndiyo kusema kuna jibu la tatu ambalo pengine dalali hakukuonyesha, kwa sababu sheria za mahali pengi zimelibana likawa adimu: nyumba za safu zenye ua mdogo wa nyuma, au jengo la ghorofa 3 au 4 lisilohitaji lifti, karibu na kituo cha treni au cha mabasi ya haraka, dakika 30 au 35 kutoka kazini. Tafuteni hilo kwa miezi mitatu kabla ya kuamua. Mimi mwenyewe baada ya ile lifti nilihamia nyumba ya safu. Ua wangu una upana wa mita 5, unatosha kamba ya nguo na mti mmoja, na ninamsikia jirani akikohoa. Sijajuta bado.

Nini kingebadilisha mawazo yangu kwa upande wenu? Kama mmoja wenu angekuwa anafanya kazi nyumbani siku 3 au 4 za juma, zile saa 400 zingeshuka sana, na nyumba ya viungani ingekuwa na hoja. Kama huko viungani kuna shule nzuri ya kutembea kwa miguu na kituo cha treni, vivyo hivyo. Na kama daftari la mfuko wa jengo likionekana bovu, sahau fleti hiyo hata kama iko ghorofa ya 2.

Kabla ya lolote, fanyeni jambo moja pamoja, wewe na mume wako, na baba mkwe akipenda aje. Mlale jirani na hiyo nyumba ya viungani usiku wa Jumapili, kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni. Jumatatu amkeni saa mtakayohitaji kuamka, waandaeni watoto, wapelekeni shule, kisha nendeni kazini kwa njia mtakayoitumia. Jioni rudini hukohuko. Juma linalofuata fanyeni vivyo hivyo upande wa fleti, na ngazi za ghorofa 9 mzipande kwa miguu mara moja mkiwa na mfuko wa mahitaji na mdogo mgongoni. Kisha niandikie mlifika saa ngapi, na nani alikuwa wa kwanza kunyamaza.